Jinsi ya Kufufua Ghala la Zamani la Reli kwa Vifaa Vyake Vyenyewe

Reli ya Busoga ilitoka Jinja ikafika Namasagali mwaka 1912, na kwa miaka mingi pamba ilipita hapo kati ya meli na mabehewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya Nile na Ziwa Kyoga yalipanda, safari za meli zikakoma, bandari ikakosa kazi. Majengo hayakung'olewa. Yaligeuzwa shule ya sekondari. Jinja nako, stesheni ya zamani imekuwa makumbusho ya reli tangu 2022. Kwa hiyo neno "uchumi mzunguko" ni jipya, kazi yenyewe si ngeni Uganda: kilichopo kitumike palepale, kikishindikana palepale kihamishwe kikiwa kizima, kikishindikana hivyo ndipo kivunjwe na kuyeyushwa.

Mwongozo huu ni kwa wanaokabidhiwa ghala la mizigo, karakana au stesheni kando ya njia za Kasese (1956), Pakwach (1964) au reli kuu ya Malaba hadi Kampala, na pia gereji za mabasi mijini. Kwa hesabu tutatumia ghala moja la mfano: mita 12 kwa 40, nguzo 22 za chuma, kenchi 11 (fremu za pembetatu zinazobeba paa) zenye umbali wa mita 4, ukuta wa matofali hadi kimo cha kiuno na mabati kwenda juu, jukwaa la kupakilia kila upande lililofunikwa na upenu wa mita moja na nusu.

Kanuni ni moja, na wengi huipindua: daftari la vifaa kwanza, ramani baadaye. Msanifu akichora kabla ya kujua ana boriti zipi na za urefu gani, vifaa vya zamani vitakosa nafasi katika mchoro wake na vitaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Hatua ya 1: Karatasi

Jengo la shirika la umma si lako hata kama limekaa miaka ishirini likiota nyasi. Kuuza au kuhamisha mali yake kunafuata sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma ya 2003. Mkataba wako wa kukodi useme wazi nani mwenye vifaa vitakavyofunguliwa. Mikataba mingi husema "jengo" tu na kunyamaza, kisha ugomvi huanza siku lori la kwanza linapotoka. Lori lenye reli au mataruma (vipande vya chuma au mbao vinavyolazwa chini ya reli) bila barua litasimamishwa njiani, na polisi watakuwa na haki, maana wizi wa vyuma vya reli ni tatizo la miaka mingi.

Kibali cha ujenzi kinahitajika chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, hata kwa kubomoa sehemu tu. Ombi linakwenda kwa kamati ya majengo ya wilaya au jiji. Kampala linapitia KCCA, mamlaka ya jiji. Kama jengo lina umri na sura ya kihistoria, wasiliana mapema na idara ya makumbusho na malikale iliyo chini ya wizara ya utalii, kwani kuna sheria mpya ya makumbusho na malikale ya 2023. Fanya hivyo kabla ya kuchora. Ukiwaendea na ramani iliyokwisha utaambiwa uanze upya.

Hatua ya 2: Tenga sumu

Kuna vitu vinne ambavyo havipaswi kuzunguka kabisa. Vishughulikie kabla fundi yeyote hajapanda juu.

Asbesto. Paa, kofia, mabomba ya maji na kuta za vyoo vya zamani mara nyingi ni saruji yenye nyuzi za asbesto. Inatambulika kwa rangi ya kijivu, unene wa milimita 6 hivi, na ukingo uliovunjika unaotoa nyuzi kama za katani. Usiitoboe, usiikate kwa grenda, usiioshe kwa mashine ya shinikizo. Ilowanishe kwa pampu ya mgongoni yenye maji na matone ya sabuni, kata ndoano za bolti, shusha bati likiwa zima, lifunge kwa nailoni nzito mara mbili, liandike, kisha msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, alichukue. Majirani wataomba mabati hayo kwa banda la nguruwe. Jibu ni hapana, hata kama ni bure. Katika kazi yote hii, hiki ndicho kifaa ambacho kukitumia tena ni kosa.

Rangi ya risasi. Chuma cha kabla ya miaka ya 1980 mara nyingi kilipakwa rangi ya msingi ya risasi, yenye wekundu wa machungwa, chini ya tabaka za kijivu au kijani. Ukiipasha moto kwa gesi unavuta mvuke wa risasi. Ukiipiga msasa mkavu unavuta vumbi lake. Ikwangue ikiwa na maji, kusanya maganda kwenye turubai, na wafanyakazi wanawe kabla ya kula. Kama rangi imeshika vizuri, iache na uifunike kwa rangi mpya.

Mafuta. Sakafu ya karakana na shimo la ukaguzi vimekunywa dizeli na grisi kwa miongo. Chimba mashimo ya majaribio ya nusu mita, mita moja na mita moja na nusu. Weka udongo kwenye chupa ya kioo, jaza maji, tikisa, acha dakika kumi: ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua, peleka sampuli maabara. Usisukume maji ya kuoshea kwenye mtaro. Mitaro mingi ya katikati ya Kampala huishia mfereji wa Nakivubo, Nakivubo huingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya mji hutekwa Ggaba katika ghuba hiyohiyo. Kwenye gereji za mabasi na vituo vya mafuta, tangi la chini ya ardhi lililo "tupu" ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Lisikatwe kabla halijanyonywa tope, likajazwa maji na kupimwa gesi.

Mataruma ya mbao. Njia zetu nyingi zina mataruma ya chuma, lakini kwenye makutano ya reli na madaraja utakuta ya mbao yaliyolowekwa kreosoti. Mtandaoni utaona meza na vitanda vya bustani vilivyotengenezwa nayo. Usiige. Kreosoti hudhuru ngozi na mapafu. Mbao hizo hazifai ndani ya nyumba, hazifai kuzunguka mboga, na hazifai kuni.

Jambo dogo la kuongezea: kinyesi cha popo na njiwa juu ya kenchi kilowanishwe kabla ya kufagiwa, na anayefagia avae barakoa ya kweli, si kitambaa.

Hatua ya 3: Daftari la vifaa

Watu wawili, siku nne au tano, futi kamba, kalipa (kifaa cha kupimia unene), mizani, sumaku, nyundo ndogo, msumari mrefu, simu ya kupigia picha. Kila kifaa kinapata namba, mahali kilipo, vipimo vitatu, hali (A kinatumika kama kilivyo, B kinahitaji kazi, C kinakwenda kuyeyushwa au kusagwa) na namna kilivyofungwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa, na ndiyo inayoamua gharama. Bati la bolti hutoka kwa spana. Bati la msumari uliopindwa hutoka limechanika.

Chagua mwisho mmoja wa jengo uwe namba 1 na usibadilishe. Kenchi ya nne ni K4, nguzo zake ni N4-kushoto na N4-kulia. Andika kwa rangi ya mafuta na pia gonga namba kwa alama za chuma, kwa maana chaki na kalamu vitafutika kwa mvua ya kwanza.

Kwenye ghala letu la mfano, paa kwa kupimwa chini ni mita 15 kwa 41, yaani mita za mraba 615. Kwa mwinamo wa nyuzi 22 eneo la bati lenyewe ni kama 663. Bati la futi nane la mawimbi, ukiondoa mapishano, hufunika mita za mraba 1.4, hivyo tarajia mabati 475. Hesabu yako ikikataa kwa zaidi ya mabati ishirini, rudi ukapime. Labda kuna bati juu ya bati, jambo la kawaida kwenye paa lililokuwa likivuja.

Matofali hayahesabiwi kwa macho. Ukuta wa unene wa tofali moja una takriban matofali 120 ya kiwango kwa mita ya mraba. Ya kienyeji yakiwa makubwa idadi hupungua. Lakini swali la maana ni mangapi yatatoka mazima. Fungua mita moja ya mraba mahali pasipoonekana, safisha, hesabu mazima. Kipimo hicho kimoja kina thamani kuliko makadirio yoyote ya ofisini.

Hatua ya 4: Ramani inayofuata daftari

Sasa msanifu aje. Mpe orodha ya A na B, umwambie achore ndani yake. Nafasi za kenchi ni mita 4, basi vyumba viwe mita 4 au 8. Milango ya kuteleza ya mvule ina upana wake. Tundu lifuate mlango.

Vyumba vipya viwe na miguu yao. Ghorofa ndogo ya ndani isining'inie kwenye kenchi za zamani, ambazo zilipigiwa hesabu ya kubeba mabati na upepo tu. Iwe na nguzo na misingi yake, na iache pengo la sentimita tano kutoka kwenye ukuta. Hivyo siku ikitakiwa kuondoka, itaondoka bila kuumiza ghala.

Jukwaa la reli liko juu ya ardhi karibu mita moja, sawa na sakafu ya behewa. Mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, maana yake mita 12 za mteremko pamoja na kituo cha kupumzikia katikati. Wengi huligundua hili mwishoni na kulazimika kukata jukwaa zuri la mawe. Weka mteremko ubavuni, sambamba na njia ya zamani ya reli.

Kasese na eneo lote la bonde la ufa kuna jambo la ziada. Toro ilitikiswa vibaya 1966 na tena 1994. Pembetatu ya matofali iliyo mwisho wa jengo, chini ya paa, ndiyo huanguka kwanza. Ifungwe kwenye kenchi kwa vyuma bapa na bolti kabla ya kazi nyingine yoyote.

Hatua ya 5: Kufungua

Kufungua hufuata kinyume cha ujenzi: umeme na mabomba, milango na madirisha, mabati, papi (mbao au vyuma vya kulalia mabati), kenchi, kuta. Panga kazi ya paa Desemba hadi Februari au Juni hadi Julai. Fungua nafasi mbili za kenchi kwa wakati mmoja, usifunue jengo zima. Kenchi zikibaki bila papi na mikingamo huangukiana kama karata, hivyo funga kamba za chuma za muda kabla ya kutoa papi ya kwanza.

Malipo ndiyo yanayovunja mpango huu kuliko nyundo. Fundi anayelipwa kwa siku au kwa jumla ya kazi atavunja, kwa sababu kuvunja ni haraka. Mlipe kwa kipande kizima: tofali safi zima, bati lisilochanika, mlango wenye fremu yake. Na usikubali mbomoaji achukue vifaa kama sehemu ya malipo. Atachukua mvule na chuma, akuachie kifusi. Katika kadirio la gharama andika mstari wake wenyewe: "kufungua kwa mpangilio, kusafisha, kupanga". Usipoandikwa, hautafanyika.

Eneo la kuhifadhi liandaliwe siku moja kabla. Matofali yapangwe kwa rundo la 500 (kumi kwa kumi kwa tano) juu ya mbao, yafunikwe juu tu ili pembeni papite hewa. Mabati yasimamishwe kwa mwinamo yakitenganishwa na vijiti. Mabati yaliyolazwa bapa yakiwa na maji katikati huota unga mweupe kwa wiki chache na zinki inaliwa. Chuma kidogo, bati za kuungia na bolti, kiwekwe kwenye mifuko yenye namba ya kenchi yake.

Hatua ya 6: Kifaa kwa kifaa

*Matofali na chokaa.* Hapa ndipo majengo mengi ya zamani huuawa kwa nia njema. Kwaruza kiungo cha ukuta kwa msumari. Kikipukutika kama mchanga wa sukari, ni chokaa. Msumari ukiteleza, ni saruji. Matofali ya chokaa husafishwa kwa kisu butu na brashi. Ya saruji huvunjika kabla ya saruji kuachia, na ni afadhali ukuta huo ubaki umesimama au ukatwe vipande vikubwa.

Gonga matofali mawili: sauti ya kengele ni nzuri, sauti ya kibuyu ni mbaya. Kisha lipime tofali kavu, liloweke saa 24, lipime tena. Likitoka kilo 3.0 hadi 3.6 limekunywa asilimia 20, na la hivyo liwe ukuta wa ndani tu.

Ukuta wa chokaa usijazwe viungo kwa saruji. Tofali laini hunywa maji ya mvua na kuyatoa kupitia kiungo. Ukiziba kiungo kwa saruji, maji yatatokea usoni mwa tofali, chumvi itakaa hapo, na baada ya misimu michache uso utabanduka huku saruji ikibaki imechomoza kama mbavu. Ukikuta ukuta wa namna hiyo, usilaumu matofali.

Toa kiungo cha zamani kwa tindo hadi kina cha milimita 20 au 25, si kwa grenda, ambayo hula kingo za matofali. Lowanisha. Jaza kwa chokaa 1 na mchanga mkali 3, kwa ujazo. Chokaa huchomwa Muhokya, karibu na Kasese, na Tororo. Ukinunua chokaa hai, itie chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, kwa sababu huchemka na kuruka machoni. Vaa miwani, kisha acha uji huo ukae pipani majuma mawili au zaidi.

Matofali yaliyovunjika nayo yana kazi. Saga yale mekundu yaliyoiva kidogo, pitisha kwenye chujio la unga, na uyaongeze: chokaa 2, unga wa tofali 1, mchanga 5. Mchanganyiko huu hushika hata mahali penye unyevu, chini ya ukuta na kuzunguka matangi, ambapo chokaa tupu haishiki. Si kila tofali linafaa. Tengeneza vidonge vya chokaa na unga huo, viweke penye unyevu siku saba, kisha vitie ndani ya maji. Vikiyeyuka, tafuta tofali lingine. Kazi yoyote ya chokaa ifunikwe kwa magunia mabichi wiki nzima. Jua la mchana likiikausha siku ya kwanza, itabaki unga.

*Chuma.* Kwanza jua ni chuma gani. Toboa tundu dogo: feleji (chuma cha kawaida cha ujenzi) hutoa nyuzi ndefu zilizojikunja, chuma cha kusubu (kilichomiminwa kwenye kalibu) hutoa unga na vipande vifupi. Nguzo za kusubu hazichomelewi na hazipigwi nyundo. Hubeba uzito wa kushuka vizuri sana, lakini hupasuka zikipindwa. Kwangua kutu, pima unene kwa kalipa mahali palipoliwa na mahali pazima. Upungufu ukizidi sehemu moja ya kumi, mhandisi wa miundo apige hesabu upya. Mahali pa kuchunguza kwanza ni sentimita thelathini za chini ya nguzo, pale zinapozama kwenye zege.

Riveti zitolewe kwa kukata kichwa na kusukuma mwili kwa punchi. Tundu la riveti ya robo tatu ya inchi lina kama milimita 20.6, litanue hadi 22 na uweke bolti ya M20 (ya milimita 20) ya daraja la nguvu 8.8. Ukizibakiza bolti za zamani, kumbuka ni za inchi na uzi wa Kiingereza. Nati ya M20 itaingia kwenye bolti ya robo tatu, itazunguka vizuri na itaonekana imekaza. Haijakaza. Nyuzi zinashikana kwa ncha tu na zitachomoka kwa mzigo. Kagua kila pipa la nati linalotoka dukani, kwa sababu zote zinafanana machoni.

Reli zenyewe hufaa kwa nguzo za uzio, vizuizi vya magari, kingo za jukwaa. Zina kaboni nyingi, hivyo mchomeleaji hodari wa Katwe, Kampala, anayeunganisha mageti kila siku anaweza kuichomelea ikiwa baridi, na kiungo kikapasuka usiku bila kuguswa. Tumia vibano na bolti. Reli ya ratili 50 kwa yadi ina kilo 24.8 kwa mita. Ya ratili 80 ina 39.7. Kipande cha mita sita cha hiyo nzito ni kilo 238, kazi ya winchi ya mnyororo, si ya vijana wanne na kelele.

*Mabati.* Bati la zamani la geji 24 lina unene wa milimita 0.56, geji 30 ya leo ina 0.31. Kwa hiyo bati kukuu lenye kutu ya juujuu bado linaweza kuwa bora kuliko jipya. Kutu hukaa kwenye mapishano, sentimita 15 hadi 30 za mwisho. Kata, na bati la futi nane linakuwa la futi sita au saba zima. Yaliyo A yarudi mteremko mmoja wa paa na mapya yaende mteremko mwingine. Usiyachanganye katika safu moja: mawimbi ya zamani yana umbali wa milimita 76 na mengi ya leo yana umbo jingine, hayalaliani, na upepo huingiza maji katikati. Yenye matundu mengi yawe kuta za ndani na dari.

*Mbao.* Mvule wa zamani haupatikani tena kirahisi kwenye soko la mbao la Ndeeba, Kampala, na ukipatikana bei yake itakueleza kwa nini uutunze huu. Choma kila ncha kwa sindano nene. Ncha iliyokuwa ndani ya ukuta huoza au huliwa na mchwa huku katikati ikiwa nzima kama mfupa. Kata sentimita 30 bila huruma. Pitisha sumaku kabla ya randa; msumari mmoja uliokatikia ndani huharibu visu vyote.

Hatua ya 7: Maji, mwanga, umeme

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa paa letu la 615 na mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka, kwa kutoa asilimia 20 zinazopotea, unapata lita 590,000. Kosa la kawaida ni kununua matangi makubwa na gata dogo. Mvua ya kasi ya milimita 100 kwa saa humwaga lita 8.5 kwa sekunde kila upande wa paa. Weka mabomba matano ya milimita 110 kila upande, moja kila mita nane hivi, na kila moja lipitie chombo cha kutupa maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kama bati la zamani lilipakwa rangi ya risasi, maji hayo ni ya vyoo na kuosha sakafu tu.

Kibanda kidogo juu ya mgongo wa paa, chenye matundu ya hewa pembeni, usikizibe. Kiliwekwa kutoa joto na kinafanya kazi bila umeme. Mwanga: badilisha bati moja kati ya kumi kwa la kupitisha mwanga, kwenye mteremko wenye mabati mapya.

Nyaya zipite nje ya ukuta ndani ya mabomba, zisichimbiwe kwenye tofali. Kisha tafuta utepe wa shaba wa kukinga radi. Pembezoni mwa Ziwa Victoria radi ni nyingi, na utepe huo huwa umeshaibwa kitambo. Tumia chuma kilichopakwa zinki badala yake, hakina mnunuzi wa haraka.

Hatua ya 8: Kinachobaki, na makabidhiano

Kifusi cha saruji na tofali kisichofaa kwingine kisagwe kiwe kitako cha sakafu na njia za miguu palepale. Kukipeleka jalalani ni nauli ya lori na mzigo kwa wengine. Jalala la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala kwa miaka mingi, liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu. Vyuma vya daraja C vikatwe na kupimwa mbele yako kabla ya kuuzwa, kwa risiti yenye uzito.

Omba kibali cha kutumia jengo kabla wapangaji hawajaingia. Daftari la vifaa, sasa likiwa na namba mpya za mahali kila kitu kilipokwenda, liwe nakala tatu: kwa mwenye jengo, kwa mhandisi, na kwa mlinzi katika boksi kavu pamoja na spana za inchi. Baada ya msimu wa kwanza wa mvua kubwa, fundi apande na kukaza bolti zote za paa, akianzia upande unaopigwa na upepo. Mbao mpya zitakuwa zimesinyaa kidogo, na bolti nyingi zitakubali nusu mzunguko.